Ukuta wa Baba kwenye Barabara ya Mombo

Utotoni nilijua habari za ukuta mmoja kuliko za babu zangu wote. Baba aliujenga alipokuwa kibarua wa barabara, enzi za Mwingereza, katika lile korongo ambamo njia ya Lushoto inateremka kutoka Soni hadi Mombo. Ulikuwa ukuta wa mawe matupu, alisema, bila hata chembe ya saruji, na ndio ulioizuia barabara isiporomokee mtoni. Nikitandika kitanda ovyo, aliingia, akatazama, akatikisa kichwa. "Ningepanga mawe hivi, magari yote yangefika Mombo bila kupita kona."

Kumbe mwenyewe hakuwahi kuupita kwa gari. Alishuka Mombo kwa miguu, kwa vijia vya mkato, kama watu wote wa rika lake. Kwa hiyo nilipoolewa na dereva wa lori la ushirika, lililopeleka kabichi na karoti stesheni, baba alifurahi kupita kiasi. Mume wangu alikuwa mtu wa nyika, mzaliwa wa huko chini kwenye joto na miiba, na baba alitaka jambo moja tu: mkwewe auone ukuta ule kwa macho yake, ajue ameoa kwa watu gani. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, redio ikihimiza kujitegemea asubuhi na jioni, na baba alijiona ametangulia.

Siku ya safari alivaa koti lake la Idi. Tukabanana mbele wote wanne. Mama, anayeogopa korongo, alijifunika kanga uso mzima hata kabla ya kona ya kwanza.

Baada ya Soni milima hubana, mto hunguruma chini kabisa, na kijani chetu huisha kidogo kidogo mpaka yabaki mawe na miti ya miiba. Hewa ya moto ikaanza kuingia dirishani.

"Hapa," baba akasema.

Mume wangu akapunguza mwendo. Tuliona ukingo wa barabara, na baada ya ukingo, hewa tupu.

"Au pale mbele."

Pale mbele napo palikuwa na hewa. Alipotamka "hapa" kwa mara ya nne, mume wangu aliuliza, kwa adabu zote za mkwe, "Baba, mlijenga kuta ngapi?"

Nikaangua kicheko. Tulipofika Mombo, kabichi zikishushwa, baba alikaa kwenye kivuli cha lori, akavua koti, akalikunja. Niliona haya. Mzee alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nami nilikuwa nimekicheka mbele ya mkwewe.

Wakati wa kupanda mlima kurudi nyumbani, mama alifunua jicho moja. "Simamisha, mwanangu."

Tukashuka. Yeye hakutazama ukingo wala nini. Alishika kijia cha mkato kinachopita chini ya barabara, akijishikilia kwenye vichaka, nasi nyuma yake. Kisha akageuka, akanyoosha kidole juu.

Ukuta ulisimama pale, mrefu kuliko nyumba yetu, mawe yamebanana kama punje kwenye gunzi.

"Mngeuonaje," alisema, "nanyi mmeukanyaga?"

Mume wangu akausogelea, akaweka kiganja kwenye jiwe. "Shikamoo, baba," akasema, ingawa asubuhi alikwisha kumwamkia. Baba akavaa koti lake tena, akaanza kutufundisha habari za jiwe la msingi. Alitufundisha kwa muda mrefu sana.

Ila usawa wa kifua chake niliona safu moja imekwenda upande, kama shuka langu siku za shule. Sikuweza kujizuia. "Na pale, baba?"

Baba akakohoa. Akatazama jiwe bapa lililokuwa kando ya kijia.

"Mama yako alikuwa akikaa pale," alisema. "Alikuwa msichana bado, akimletea babu yako chakula. Babu yako ndiye aliyekuwa nyapara wetu. Safu hiyo niliipanga wiki aliyoanza kuja."

Katika miaka yote ya vitanda vyangu, hilo hakuwahi kulitaja.

"Wiki nzima?" nikauliza.

"Nyamaza wewe," mama akasema. Tulipopanda garini alijifunika kanga usoni tena, na lori lilikuwa bado limesimama.