Vidole vya Mdogo Wangu

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti na kila mtu akajaribu biashara. Mume wangu alipunguzwa kazini, akaenda kutafuta maisha kwingine, hakurudi. Nikaanza kuteremka Wampembe, kando ya ziwa, kununua dagaa na kuwauza sokoni Sumbawanga. Safari ya nne nilimchukua mdogo wangu wa tumbo moja, msichana wa miaka kumi na tisa. Mama yetu, aliyeishi Namanyere, hakutaka kabisa. Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, mama. Nitamrudisha."

Boti tuliyopanda kurudi na mzigo ilijazwa kupita kiasi. Wimbi la kwanza liliingiza maji, la pili likatupindua. Nilipata dumu tupu nikalikumbatia. Mdogo wangu akanidaka kitenge kiunoni, na dumu likawa linazama na sisi wawili. Nikamwachisha vidole, kimoja baada ya kingine.

Wavuvi waliniokoa. Yeye alipatikana siku ya tatu.

Msibani watu walinishika mabega, wakasema Mungu ameniachia uhai kwa sababu zake. Hakuna aliyejua, na mimi sikusema.

Niliporudi Sumbawanga nilijifungia chumbani. Sikuoga. Nikisikia maji yakimiminwa kwenye ndoo nilitweta kama ninazama upya. Uji niliunywa kwa kijiko, macho nimefumba. Majirani walikuja wiki mbili tatu, kisha wakachoka. Wengine walisema nimetupiwa kitu huko ziwani. Nilikuwa naomba nisiamke.

Nilibaki na binti yangu tu, wa miaka kumi na moja. Alipika, akafua, akaenda shule siku alizoweza. Jioni moja alileta kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Nilimsukuma kwa nguvu, akaangukia jiko, akapasuka mdomo. Kesho yake alirudi na kitambaa kilekile, mdomo umevimba.

"Basi leo miguu tu, mama," akasema.

Ikawa miguu tu. Siku nyingine shingo. Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia tayari alikuwa ananifuta mgongo wote, huku akinisimulia mambo ya shule.

"Sasa mikono."

Niliificha kwapani. "Mikono hapana."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia mtoto kitu ambacho sikumwambia padri. Nilimwambia habari ya dumu, kitenge na vidole. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kitambaa chini, akatoka.

Hakurudi upesi. Nikajua nimempoteza na yeye. Nilimsikia analia nyuma ya jiko la nje, kilio cha kujizuia, na sikuwa na uso wa kumfuata.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Mama mdogo ndiye alikuwa ananisuka," akasema. Hakuniambia kwamba si kosa langu. Akachutama mbele yangu. "Lete mikono."

Nikampa.

Alipomaliza akauliza, "Bibi anajua?"

"Hapana."

"Twende tukamwambie. Mimi nitakaa hapo hapo karibu na wewe."

Jumamosi tukapanda basi la Namanyere. Binti yangu alimwamkia bibi yake shikamoo, kisha akanishika mkono, na mimi nikasema yote nikiwa nimesimama uani. Mama yangu aliacha ungo aliokuwa akipepetea maharage, akaingia ndani, akafunga mlango. Tulikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Nilitaka kuondoka. Binti yangu akasema, "Bado, mama."

Mwishowe mlango ulifunguliwa. Mama hakunitazama. Alimtazama mjukuu wake.

"Huyu mtoto amekula?"

"Bado," nikajibu.

"Mwingize ndani, basi."

Tulikula ugali wa ulezi sote watatu. Ilipita miaka miwili kabla mama hajaniita tena mwanangu, na muda wote huo, kila likizo, binti yangu ndiye aliyenilazimisha kupanda lile basi.