Majina Yasiyotoka Darasani

Kila asubuhi mwalimu wa kompyuta huandika majina ya wanafunzi ubaoni, na mlango ukigongwa huyafuta kwanza ndipo afungue. Orlane, anayekaa mbele, alimshuku tangu siku ya kwanza: orodha ya kufichwafichwa hivi anampelekea nani? Mwalimu hajielezi. Hugonga tu kioo cha kompyuta kwa ukucha, penye mabano ya programu. "Konstanti, jina la thamani isiyobadilika, ukiitangaza humu ndani, inje haijulikane. Ukiiita kule, mashine itakukatalia."

Jana alibisha hodi mgeni aliyevaa koti katika joto lile, akimtaka Régis wa mtaa wa Ngagara. "Apana, muzee," alisema mwalimu. "Hapa hatuna mutu wa jina hilo." Régis, ubavuni mwa Orlane, hakuinua macho. Leo mlango ulipogongwa, Orlane alimtangulia mwalimu ubaoni, kifutio mkononi.