Mzee aliyemuulizia Hamisi

Leo nimemliza mzee wa watu, na hata jina lake silijui.

Mnajua marehemu mume wangu, Hamisi, alivyopenda ndege. Majira ya machipuko yakifika hapa Sydney, Jumamosi zake zote zilikuwa za kule kwenye vinamasi.

Leo nimekwenda na binti yetu, Rehema, aliyezoea kufuatana na baba yake. Mara ya kwanza bila Hamisi.

Tumeingia tu kwenye kibanda cha kutazamia ndege, mzee mmoja Mzungu akamtambua Rehema. Akachangamka!

"Baba yuko wapi? Mwambie wale ndege wake wamerudi kutoka Siberia!"

Nikamgeukia Rehema.

Rehema ndiye aliyemwambia, taratibu, kwamba baba amefariki.

Mzee akavua kofia. Akalia, jamani, bila kujificha.

Nikajikuta mimi ndiye ninayemshika bega na kumpa pole.

Baadaye akatusogezea nafasi kwenye benchi. "Alikuwa anakaa hapa," akasema. Tukakaa, tukawatazama ndege wakichokoa tope.

Kama kuna rafiki mwingine wa Hamisi ambaye hajajua, niandikieni hapa chini. Nitampigia mwenyewe.