Saa Nane, Moniteur

Siku yangu ya kwanza kazini, Moniteur Mkuu hakuniuliza jina. Aliniuliza nimekula saa ngapi. Nikamjibu, kwa majivuno ya kijana aliyepata kazi, kwamba nimetoka mezani sasa hivi: ugali na maharage, sahani mbili. Akaniwekea chuma mabegani, akaniamuru nichuchumae na kusimama mara kumi. Mara ya sita nikatapika mbele ya watu niliotakiwa kuwafundisha. Alinipa ndoo na kitambaa.

"Ile ndiyo somo ya kwanza," alisema. "Mutu akishiba, asibebe. Nenda usafishe."

Hiyo ilikuwa Ngagara, mtaa wa mji wetu mkuu, kabla ya vita, katika ukumbi mmoja wa mazoezi nilikoanza kama moniteur msaidizi, yaani mkufunzi wa kubeba vyuma. Vyuma vyetu vilikuwa ekseli za magari yaliyokufa, na uzito tuliumwaga wenyewe: saruji ndani ya mikebe ya maziwa ya unga. Nyinyi vijana wa leo, mnaokoroga poda za makopo na kujipiga picha kwenye kioo, mtacheka. Chekeni tu.

Moniteur Mkuu alikuwa mwanajeshi mstaafu, na ratiba yake ya chakula ilikuwa amri. Mlo mkubwa uliwe saa mbili au tatu kabla ya kubeba. Ukibanwa na njaa, ndizi moja, saa moja kabla. Baada ya zoezi, maji kwanza, halafu chakula cha kujenga mwili: maharage, yai, au ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Alitueleza kwamba msuli haukui unapobeba. Ukibeba unauchanachana, na chakula pamoja na usingizi ndivyo vinavyoushona. Kila anayeanza tulimwandikia saa zake kwenye karatasi, na kila siku tulimuuliza mlangoni, mbele ya wenzake: "Umekula saa ngapi?" Aliyetoka kula alikaa kwenye benchi akisubiri tumbo litulie. Swali lile lilitungwa kwa ajili ya watu walioshiba. Mimi sikuliona hilo, na kosa langu lote limetokea hapo.

Vita vilipoingia mjini, Moniteur Mkuu alikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na hakurudi tena. Directeur, msimamizi wa ukumbi, bwana wa tai na mafaili, akanikabidhi funguo na cheo cha Moniteur Mkuu. Wanafunzi walipungua. Kijana mwenye kifua kipana alisimamishwa kwenye kila kizuizi, akiulizwa amejifunzia wapi kupigana, na wengine hatukuwaona tena. Amri ya kutotoka nje ilitulazimisha kufunga kabla ya giza. Basi nikapanga upya: kula saa nane mchana, kubeba saa kumi, kula tena jioni ukifika kwako. Nilimwambia Directeur kwamba watu wanakonda.

"Moniteur, kazi yako ni vyuma," alinijibu. "Ukumbi ubaki wazi, ni hivyo tu."

Wakati huo ndipo alipokuja Désiré, kijana wa miaka ishirini na miwili. Alikuwa ametoka milimani, ambako nyumba ya wazazi wake ilichomwa moto nao wakiwa ndani, na sasa aliishi nyuma ya ukumbi wetu kwa shangazi yake, Mama Odette, mjane mwenye watoto wanne. Kampuni moja ilikuwa ikiajiri mazamu, yaani walinzi wa usiku. Ilimkataa kwa wembamba wake, ikamwambia arudi baada ya miezi mitatu akiwa na mwili.

"Moniteur, nipatie mwili," aliniambia. "Nikipata ile kazi, watoto wa shangazi watakula."

Nilimpenda upesi, kwa kuwa hakukosa hata siku moja. Kila nilipomuuliza mlangoni alijibu akiwa amesimama wima:

"Saa nane, moniteur."

"Umekula nini?"

"Ugali na maharage. Nimeshiba kabisa."

Niliandika katika daftari langu. Mwezi wa pili nikampima, na mizani ikaonyesha amepungua. Anayeanza kubeba na anayekula kwa saa zake lazima aongezeke. Basi nikaamua kwamba ni mvivu. Nilimgombeza mbele ya wenzake, nikamwambia anacheza, nikamwongezea uzito. Akabeba.

Mimi ni Mrundi. Najua kwamba kwetu mtu hasemi mbele ya watu kuwa ana njaa. Mgeni akikuta watu wanakula husema "ndahaze", nimeshiba, hata kama utumbo unamlilia. Mama yangu alinifinya mkono hadi ukavimba siku nilipokubali chakula kwa jirani. Nimelelewa hivyo, na bado nilimuuliza kijana wa watu mbele ya wanaume kumi, nikaandika jibu lake kama ukweli. Hasira niliyo nayo juu ya daftari lile haijapoa.

Alhamisi moja, Désiré akiwa amechuchumaa na chuma mabegani, risasi zililia upande wa Gihosha. Sote tuligeuka. Kazi ya moniteur ni kusimama nyuma ya anayebeba, mikono tayari, lakini mimi nilikuwa nimepiga hatua mbili kwenda dirishani. Nilisikia magoti yake yakigonga sakafu. Alikuwa amezimia, na chuma kikamshukia shingoni.

Tulimbeba hadi hospitali juu ya ubao wa benchi. Daktari aliuliza, "Huyu mutu amekula lini?" Nikatoa daftari, nikasoma: saa nane. Daktari akalitazama, akazitazama mbavu za Désiré, akanipa kisogo. Désiré alikufa siku ya tatu.

Makaburini Mama Odette alinishika mikono yote miwili, na watu wakasogea kumsikiliza.

"Moniteur, Mungu akubariki. Miezi yote hii umemulisha. Kila saa nane, nikianza kupakua, alikuwa anasema: apana, shangazi, mi ninakula kule kwa moniteur, ya kwangu mugawie watoto. Halafu anatoka."

"Asante, mama," nikasema. Niliona aibu kumkanusha mbele ya watu.

Niliporudi ukumbini nilichana ratiba zote, nikatafuta sufuria. Kila siku saa tisa nilipika igikoma, uji wa mtama na soya. Kila aliyeingia alikunywa kikombe, aliyekula na asiyekula, na baada ya zoezi kingine. Swali la mlangoni lilikoma. Directeur alikuja kukagua, akakunja uso.

"Huu ni ukumbi wa michezo ama ni jikoni?"

"Ni jikoni, Monsieur le Directeur. Vyuma ni vya baadaye."

Aliniandikia barua ya onyo. Nikaendelea kupika hadi vita vikaisha, na baada ya hapo pia.

Sasa nimestaafu na magoti yangu hayataki ngazi. Vijana hunisimamisha njiani: mzee, nile kabla au baada, nusu saa au saa mbili? Nawaambia kwamba mwili unajengwa na chakula cha siku nzima, na saa ni marekebisho madogo tu. Anayekula vya kutosha hatapoteza msuli kwa kuchelewa nusu saa. Asiyekula asiguse chuma, maana mwili wake utajila wenyewe.

Mwaka niliostaafu nilikwenda kwa Mama Odette. Nilimkuta uani akichambua maharage kwenye ungo. Njia nzima nilikuwa nimejizoesha maneno, na nikayasema kabla sijakaa.

"Mama, sikumlisha Désiré. Hata siku moja."

Hakuinua kichwa. "Nilikuwa ninajua, moniteur. Ni mi nilikuwa ninafua mashati yake, yalikuwa yanamupwaya. Mutu anakula kwa watu hakondi vile."

"Sasa mbona ulinishukuru?"

Aliweka ungo chini.

"Watoto wane, na sufuria moja. Nilikuwa ninajua, na ya kwake nilikuwa ninawapa. Kule kwa kaburi nilitaka useme 'apana, mama, sikumulisha', mbele ya watu wote, ili na mi niseme yangu. We ukasema asante."