Gasketi Iliyokuwa Nzima

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Hasira zangu nyingi nimezimalizia kwenye injini, kwa kuwa injini hutukanwa na haijibu. Habari hii ni ya siku niliyomtia makosani binadamu mwenzangu, na mpaka leo, nimezeeka, nikiikumbuka naona haya.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Ramadhani iliyoangukia masika. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na miezi minne kabla nilikuwa nimeagana na fundi aliyenifunza kazi kule Malindi, mtaa wa hapa hapa Unguja mjini, nikafungua gereji yangu Kikwajuni. Nikisema gereji usidhani ni jengo. Kilikuwa kiwanja kilichoezekwa mabati upande mmoja. Ng'ambo ya njia palikuwa na nyumba yenye baraza refu la mawe, na wanaume wa mtaa walikaa hapo tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani baraza lilijaa maradufu. Mtu mwenye njaa hana burudani kama kumtazama mwingine akifanya kazi.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la kabla ya vita. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja wa Shangani mwenye mashamba ya mikarafuu, na alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarejea kwao. Sikupata kuona la pili yake Unguja nzima, kwa sababu injini yake ilikuwa na pampu ya upepo. Injini ya kawaida hujivutia hewa kwa kadiri ya haja yake. Hii ilikuwa na pampu kubwa mbele, ikizungushwa na injini hiyohiyo, na kazi yake ilikuwa kuishindilia hewa ndani ya silinda kama mtu anavyoshindilia karafuu guniani. Ndiyo maana lilikuwa na nguvu, na ndiyo maana lilipiga mluzi. Likipita Mnazi Mmoja, sisi Kikwajuni tulilisikia.

Dereva wake alikuwa mtu wa Makunduchi, wa makamo, mwembamba, wa maneno machache, aliyeendesha magari ya watu tangu wakati wa vita bila ya kugusa ukuta. Sote tuliokuwa wadogo kwake tulimwita Ami.

Siku moja baada ya alasiri gari lile lililetwa kwangu likivutwa na lori. Bwana mwenye gari alifika pamoja nalo, kanzu imelowa mvua mpaka magotini, na Ami alikuwa nyuma yake. Alikuwa amemtuma Ami kusini kupeleka tende na nguo za Idd kwa jamaa zake, na wakati wa kurudi injini ikachemka njiani mpaka ikazimika. Bwana alikuwa na hakika kwamba Ami alijikalia nyumbani kwake Makunduchi, kisha akaliendesha gari mbio, bila ya maji, ili magharibi isimkute njiani.

"Fundi," aliniambia mbele ya baraza zima, "nataka kujua kitu kimoja tu. Gasketi imeungua au haikuungua? Ikiwa imeungua, huyu kaliendesha kavu, na leo ndiyo mwisho wake kwangu."

Gasketi ni bamba jembamba la shaba lenye asbestosi katikati. Hulazwa juu ya injini, chini ya kile kifuniko kizito tunachokiita hedi, na kazi yake ni kuutenga moto wa silinda na maji ya kupoza injini. Injini ikikauka maji, joto huzidi, hedi hupinda, na bamba huungua. Hapo moto hupenya ukaingia majini, na ukifungua rejeta unaona viputo vinapanda.

Ami akasema taratibu, "Maji nimetia Kitogani, nimetia tena Tunguu. Maji yanatokea hapa mbele, fundi. Kila nikililaza gari huweka kopo chini yake, na asubuhi nalikuta limejaa nusu. Nshamwambia bwana tangu Rajabu."

"Kila gari hudondosha," alisema bwana, na mimi nikatikisa kichwa kumkubalia.

Fundi wangu wa Malindi alinikataza kulitamka neno gasketi kabla ya kuvua belti ya feni. Belti hiyo ndiyo inayozungusha pampu ya maji. Ukiivua, ukaiwasha injini kwa dakika moja tu, na viputo vikaendelea kupanda rejetani, basi ni moto wa silinda. Vikikoma, ni pampu ya maji inayonyonya hewa kwa sababu imelika, na gasketi haina kosa. Lakini katika gari lile belti ilijificha nyuma ya pampu ya upepo. Ilibidi pampu hiyo itolewe, belti ivuliwe, kisha pampu irudishwe ndipo injini iweze kuwaka. Ilikuwa kazi ya saa mbili, na magharibi ilikuwa karibu, na bwana amesimama.

Palikuwa na njia nyingine isiyotaka hata spana. Unachovya kidole katika maji ya rejeta, unaonja. Maji yaliyopitiwa na moto wa petroli huwa makali ulimini, yana uchungu wa masizi, na aliyeyaonja mara moja hayasahau. Fundi wangu alionja hata mchana wa Ramadhani, akatema na kupangusa ulimi kwa kitambaa. Alisema wanawake wetu huonja mchuzi wa futari kwa ncha ya ulimi wakatema, na swaumu zao hazina dosari, na haja yake yeye ni kama yao.

Nilifungua rejeta nikaiwasha injini. Viputo vikapanda. Nilipokanyaga mafuta vikazidi, na barazani watu wawili watatu wakasimama ili waone vizuri. Nilichovya kidole. Kisha nikainua macho, nikaliona baraza lote linanitazama, na katikati yake ameketi sheikh aliyenisomesha Kurani utotoni, tasbihi mkononi. Nikajiambia kwamba kesho mtaa mzima utasema fundi mpya hufungulia kinywa kwa maji ya rejeta. Nikakipangusa kidole kwenye suruali.

"Imeungua," nikasema. "Injini ya upepo ikikosa maji, gasketi ndiyo ya kwanza kufa. Gari limeendeshwa kavu."

Nililisema kwa sauti, ili baraza lisikie. Nilitaka wajue kwamba Kikwajuni imepata fundi.

Ami alinitazama. "Wallahi, fundi?" akauliza, na mimi nikajitia kutafuta spana. Aliweka ufunguo juu ya boneti, akatoka akaingia mvuani. Alipopita mbele ya baraza alitoa salamu, na waliomwitikia waliitikia kwa sauti ndogo.

Asubuhi yake niliifungua injini. Nilipochomoa plagi nilizikuta kavu, za rangi ya kahawia, kama plagi za injini nzima zinavyokuwa. Oili ilikuwa safi, haina hata tone la maji. Vyote hivyo ningeweza kuvitazama jana yake. Niliondoa hedi nikaweka juu yake rula ya chuma, na haikuwa imepinda popote. Kisha nikainyanyua gasketi nikaipeleka kwenye mwanga. Gasketi iliyoungua huacha njia nyeusi kutoka kwenye tundu la silinda mpaka kwenye tundu la maji. Nilizunguka tundu kwa tundu, mara tatu. Hapakuwa na njia yoyote.

Nikashika pampu ya maji. Mhimili wake ulicheza huku na huku, na kidole changu kikatoka kimelowa. Injini ikizunguka ilinyonya hewa, ikilala ilidondosha maji, kopo nusu kila usiku, kama Ami alivyosema. Na hata viputo kuzidi nilipokanyaga mafuta hakukuwa na maana, kwani pampu nayo ilizunguka kasi zaidi.

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Kwanza nilimkasirikia Mzungu aliyeiunda injini ile akaificha belti. Kisha nikamkasirikia bwana. Nilipokosa mwingine wa kumkasirikia nikaona nimebaki peke yangu.

Ndani ya sanduku la vipuri lililokuja na gari mlikuwa na gasketi moja mpya. Niliitia hiyo, maana ukishafungua hedi hutakiwi kuirudisha ya zamani. Pampu ya maji niliitoa, nikaitengeneza vizuri na kuuziba mwanya wa mhimili wake kwa kamba mpya iliyopakwa grisi. Gari likaenda likipiga mluzi wake. Bwana alikuja kulichukua akiwa na dereva mpya, akanisifu mbele ya baraza, akasema gasketi nimeitia kwa mikono ya dhahabu. Mimi nilisema ahsante. Ningeweza kuyasema yote dakika ile ile, na sikuyasema, kwa kuwa nilikuwa mwoga. Ile gasketi ya zamani niliifunga ndani ya gazeti nikaitupia juu ya kabati, na kila nilipofuturu nilijihisi nakula kitu cha watu.

Idd mosi nilizunguka mjini na wenzangu, jioni tukenda Forodhani kama kila mtu. Idd pili nilipanda gari la abiria kwenda Makunduchi.

Nilimkuta Ami nyuma ya nyumba yake anapalilia mihogo, siku ya sikukuu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Karibu, fundi."

Mkewe alituletea tambi na kahawa, tukakaa kwenye jamvi. Nilimweleza kila kitu, belti, kidole, na gasketi ilivyotoka nzima. Nilimwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, anazungusha kikombe mkononi.

"Mimi nshakusamehe," alisema. "Lakini hebu nambie. Lile neno ulilisema wapi?"

"Kikwajuni."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya baraza."

"Na hili la leo je?"

Nilitazama kulia na kushoto. Walikuwapo kuku, na mkewe amesimama mlangoni. Mkewe ndiye aliyemalizia. "Hapa wanasema kaunguza gari la watu kwa uroho wa futari," alisema. "Juzi walitafuta mtu wa kuendesha gari la harusi. Walikwenda kwa mwingine, na njia yao inapita hapa hapa mlangoni."

Jumamosi iliyofuata nilimwomba bwana afike kwangu baada ya alasiri. Ami alikuja kwa miguu kutoka kituoni, amevaa kanzu ya Idd. Baraza lilikuwa na watu wake. Nilivuka njia nikasimama mbele yao, gasketi mkononi. Nikasema, "Bamba hili nililitoa kwenye gari la bwana. Tazameni, ni zima. Iliyoharibika ilikuwa pampu ya maji, na Ami alituambia kabla. Gari halikuendeshwa kavu. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Gasketi ilipita mkono kwa mkono. Bwana aliikodolea macho, kisha akauliza kwa nini sikuonja maji, maana hata yeye amesikia kwamba mafundi wa Malindi huonja.

"Niliogopa mtasema nimekula mchana," nikasema.

Sheikh aliyenisomesha aliiweka tasbihi pajani. "Sisi tulikuwa tunangoja uonje," alisema. "Fundi wako kaonja mbele yetu miaka na miaka. Ulipokipangusa kile kidole nikasema moyoni, huyu keshajua bila ya kuonja, kumbe amempita mwalimu wake."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na Ami hakucheka.

Bwana alimpa Ami mkono, akamwambia arudi kazini Jumatatu. Ami alimshukuru kwa heshima zote, akasema keshapanda mihogo. Kisha akanigeukia na kuniomba kitu kimoja, ile gasketi. Aliifunga tena ndani ya gazeti lake vizuri, akaitia kwapani, akaaga baraza zima. Safari hii waliitikia wote, kwa sauti.

Miaka mingi baadaye nilipita Makunduchi kumpa mkewe mkono wa pole, Ami ameshafariki. Nilikaribishwa ukumbini. Ukutani, juu ya msumari, pembeni ya saa, ilining'inia gasketi, shaba yake imepanguswa inang'aa. Bi yule aliniambia kwamba kila mgeni aliyeingia humo Ami alimwonyesha kwanza ile, ndipo akamkaribisha kitako. Niliiteremsha nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikaizunguka tundu kwa tundu, kwa mazoea tu ya kazi. Kisha nikairudisha mahali pake.