Mluzi wa Baba Kwenye Santuri ya Zamani

Juma hili ninashona kwa moyo mwepesi. Hata suruali ya mteja anayelalamika kila mara nimeimaliza kabla hajaja kuiuliza. Wepesi huu ulianza na simu.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Lubumbashi. Alinipigia siku ya soko, sindano ikiwa katikati ya kitambaa, na hakungoja hata tusalimiane.

"Yaya! Ile disque ya cercle balitoa tena! Mupya!"

Nikasimamisha mashine. Yaya ni mimi, dada yake mkubwa, na disque ni santuri aliyomo Baba yetu.

Baba yetu hakuwa mwanamuziki. Alikuwa mtu wa manevri kwenye reli hapa Kamina. Kutwa nzima alitembea kati ya njia za treni akiunganisha na kutenganisha mabehewa, na kumwongoza dereva kwa bendera na mluzi. Hakuhitaji filimbi, alitia vidole viwili mdomoni. Miaka ya sabini, alipokuwa kijana, kundi moja lenye gitaa za umeme lilipita mjini likapiga roki katika cercle, ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Tamasha likarekodiwa, likawa santuri. Sidhani kama watu wengi waliinunua, na wanamuziki wenyewe walisahauliwa mapema.

Nyumbani kwetu haikusahauliwa. Tamasha likiendelea, uzi wa gitaa ulikatika, na watu wakachoka kungoja. Hapo Baba akapiga mluzi: mfupi, mfupi, kisha mrefu unaopanda mwishoni. Ndivyo alivyozoea kumwambia dereva aondoke. Ukumbi ulijaa watu wa reli, kwa hiyo wote walielewa. Wakacheka, wakaanza kukanyaga sakafu polepole kama treni inayotoka stesheni, mpiga ngoma akawafuata, na wimbo uliofuata ukazaliwa humo. Yote hayo yaliingia kwenye santuri. Nilipokuwa mdogo, Baba aliipiga Jumapili, na mluzi ulipokaribia alininyamazisha kwa kidole kana kwamba mchungaji alikuwa anaanza kuomba.

Mluzi uleule ndio uliotuita kula jioni. Ukiusikia unaacha mpira, unaacha ugomvi, unasimama.

Mama alikufa kwanza, Baba akamfuata. Nikaacha shule, maana nilikuwa mkubwa na wadogo walikuwa wawili, yule wa mwisho hajaanza hata kutembea. Nyumba ya reli ilitakiwa na wengine. Siku ya kuhama, santuri ilikaa kwenye mkokoteni chini ya cherehani ya Mama. Tulipofika, cherehani ilikuwa nzima na santuri ilikuwa vipande viwili. Cherehani hiyo ndiyo iliyotulisha mpaka leo, kwa hiyo sijawahi kuilaumu.

Tangu hapo mimi ndiye niliyepiga mluzi. Niliweka na sheria: hakuna anayegusa sufuria kabla wote hawajakaa. Mama mmoja wa kanisa alinishika mkono njiani.

"Mutoto mwanamuke, unapiga mluzi sawa muntu wa mavagon?"

"Mama, nikiita na kinywa habasikii. Nikipiga mluzi, banakimbia."

"Basi piga pole pole, mujirani iko na mutoto wa kulala."

Mdogo wangu wa mwisho, wa kike, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Kamina, hakumjua Baba hata kidogo. Hatukuwa na sauti yake popote, na picha tuliyo nayo ni ya kitambulisho, uso mkavu kama wa mtu anayeulizwa na polisi. Alipokuwa mdogo aliniuliza mara nyingi: "Yaya, Baba alikuwa anapiga hivi hivi?" Nikamjibu: "Hivi hivi." Alilala na jibu hilo.

Miaka ilivyopita, mimi mwenyewe nilianza kulitilia shaka. Makasi ninayokatia leo si yale niliyonunua, nimeyanoa mpaka umbo limebadilika. Labda na mluzi niliuvuta uwe mrefu ili ufike kiwanja cha mpira. Labda kile kipande cha kupanda mwishoni ni changu, nilikitia siku moja kwa hasira. Mtoto niliyemlea alikuwa na kitu kimoja tu cha baba yake, na kitu hicho kilitoka mdomoni mwangu. Santuri ilipovunjika, hakubaki mtu wala kitu cha kunisahihisha.

Ndiyo maana nilisimamisha mashine. Na ndiyo maana sikuyapenda maneno aliyoongeza mdogo wangu kwenye simu.

"Balisafisha yote, Yaya. Ile ya kukwaruza, vumbi, makelele yote, balitosha, balitupa."

"Makelele gani?"

"Makelele tu. Sasa iko safi."

"Lakini Baba iko mu makelele."

Akasema atakuja nayo, na kwamba hajaisikiliza. Nikamuuliza kwa nini.

"Juu bote habajaikala," akasema: kwa sababu wote hawajakaa, sheria yangu ya sufuria.

Alifika na nyimbo zote kwenye kiflashi kidogo, amekifunga katika kitambaa kama dawa ya mtoto. Jumapili, baada ya ibada, mwalimu wetu alileta bafle lake, ile spika anayopigia watoto nyimbo shuleni. Bukari, ugali wetu, ilikuwa tayari, sombe ya majani ya muhogo tayari, samaki tayari. Nikafunika sufuria. Kwanza Baba.

Muziki ulianza, na kwa kweli ulikuwa safi. Nilisikia gitaa nene ambayo kwenye santuri yetu ilikuwa mvumo tu. Mdogo wangu wa kiume akainuka, akacheza kama vijana wa zamani, magoti ndani, kiuno nyuma, mpaka mwalimu akacheka akashika ubavu.

"Weye utavunja mugongo, na hapa hakuna daktari!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nangoja wimbo ambao mwimbaji anapandisha sauti juu sana, kwa sababu baada yake uzi unakatika. Ukaja. Ukaisha. Makofi yakasikika, yakapungua, yakafa. Halafu wimbo mwingine kabisa ukaanza, msafi, bila mluzi, bila miguu.

Mwalimu alinitazama, akitaka kujua kama ndipo hapo.

"Yaya, njo hapa?"

"Njo hapa."

"Labda iko mbele."

"Labda balimutia na Baba sabuni," mdogo wangu wa kiume akasema, lakini alikuwa ameacha kucheza.

Nikasema labda. Nilikuwa najua kwamba haiwezi kuwa mbele. Nyimbo ziliendelea, na mimi nilikuwa tayari natafuta maneno ya kumwambia: kwamba wale waliosafisha hawakumjua Baba, kwamba kwao alikuwa vumbi. Mwalimu alikuwa ameketi, mikono mapajani, amenyooka kama anavyotaka wanafunzi wake wakae. Hakuuliza tena.

Wimbo mmoja kabla ya mwisho ulikatika ghafla. Kitu kikalia *twang*. Watu wakaanza kunung'unika, wengi, wa karibu na wa mbali, mmoja akikohoa. Hatukuwahi kuwasikia wengi hivyo. Baadaye tulielewa kwamba hawa waliotoa upya walifuata mpango wa tamasha lenyewe, na santuri ya zamani ndiyo iliyokuwa imepanga nyimbo vingine. Wakati ule sikuelewa kitu. Nilishika ukingo wa meza.

Mfupi. Mfupi. Mrefu, unaopanda.

Mwalimu alikuwa amesimama.

Hakuamua kusimama, nilimwona. Mwili ulitangulia. Kiti kilirudi nyuma, naye akawa wima, uso umegeukia mlangoni, kama msichana aliyeacha kamba ya kuruka uwanjani kwa sababu ameitwa. Spikani watu wa reli walikuwa wanacheka, na miguu ilianza, polepole, kisha haraka.

"Madame, ikala," mdogo wangu wa kiume akamwambia dada yake. "Haina Yaya anaita. Ni Baba."

"Najua," akasema. Lakini hakukaa. "Ni hivi hivi. Yaya, ni hivi hivi!"

Kitu kilichokuwa kimekazwa mabegani mwangu tangu siku ya mkokoteni kiliachia, nami nikajikuta nacheka peke yangu na machozi yanaingia mdomoni. Sikuuharibu mluzi. Nimeubeba miaka yote hii kwenye mvua, sokoni, kiwanjani, na nimemfikishia ulivyokuwa.

Tulirudisha nyuma, tukasikiliza tena, na kila mara alisimama, sasa kwa makusudi. Mpaka mdogo wangu wa kiume akasema Baba ameita vya kutosha na samaki anapoa.

Tukakaa wote. Nikafunua sufuria.