Baiskeli Isiyotoka Barazani

Daktari aliniambia moyo wangu umezoea uvivu, kwa hiyo kila siku nifanye kazi ya kutoa jasho kwa nusu saa. Nilimsikiliza kwa makini kwa sababu ya kiti. Tangu Ramadhani iliyopita nilikuwa nikisali nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mwishoni mwa safu. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyewapa wagonjwa ruhusa hiyo, lakini nilitamani kusimama tena bega kwa bega na wenzangu kabla Ramadhani nyingine haijaingia.

Nilianza kwa kutembea. Lakini mtaani kwetu Buyenzi mtu mzima hapiti mbele ya mlango wa mwenzake bila kusalimu, na salamu haiishi mpaka watoto, wajukuu na mgonjwa wa nyumba ile wauliziwe mmoja mmoja. Siku ya kwanza nilipita milango minne na kunywa chai mara tatu.

"Daktari alisema jasho, mzee," mke wangu akaniambia niliporudi. "Hakusema sambusa."

Tukaamua kununua mashine ya nyumbani. Katika duka moja la mtaa wa Asiatique, la Mwarabu wa hapa hapa ambaye baba yake na baba yangu walijuana, tulikuta mbili: ya kukimbilia, yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu, na baiskeli unayoikanyaga bila kwenda popote. Mke wangu aliitaka baiskeli. Mimi niliipenda ile ya kukimbilia, kwa kuwa ilikuwa na taa nyingi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesali istikhara, nikimwomba Mola anichagulie, ingawa nakiri kwamba nilikuwa nimeshachagua na nilingoja akubali tu.

"Panda ujaribu, mzee," akasema mwenye duka. "Hii ata mutoto anaiweza."

Nikakusanya kanzu kwa mkono mmoja, nikapanda, nikatembea vizuri kabisa. Mke wangu akaanza kuuliza bei yake, dalili kwamba nilikuwa nashinda. Hapo akaingia fundi magari mstaafu, jirani yangu wa safu msikitini.

"Assalaam alaykum, mzee wangu," akasema, akaninyooshea mikono yote miwili.

Mimi nililelewa hivi: mtu akikusalimu unasimama, unamgeukia, unampa mkono. Nikasimama, nikamgeukia, nikampa mkono. Mashine haikusimama. Ilinichukua taratibu, kama godoro linaloshushwa kwenye lori, ikanikabidhi kwa maboksi ya chupa za chai. Nilipofika chini nilikuwa bado nasema "wa rahmatullah", na fundi, ambaye hakuuachia mkono wangu, alikuwa chini pamoja nami.

Alhamdulillah, hapakuvunjika mfupa wala chupa.

"Ulipashwa kubonyeza apa kwanza," mwenye duka akanionyesha kitufe cha kuisimamisha.

"Apana," akasema fundi, akijipangusa vumbi. "Mutu hawezi kubonyeza mbele ya kuitika salamu. Hii mashine haina adabu."

Mke wangu alinisaidia kuinuka. "Uliomba Mungu akuonyeshe," akasema. "Naona amekuonyesha."

Tukachukua baiskeli. Niliiweka barazani, kwa kuwa ndani kuna joto, na majirani wakaja kama kawaida. Sasa nilitoa mkono, nikaitika salamu, nikauliza habari za wote, na miguu ikaendelea na kazi yake. Aliyenifaa zaidi ni mgeni mwenye ukoo mkubwa. Kuwaulizia watu wake wote kulimaliza nusu saa kamili.

Msikitini, mwanzoni niliweza kusimama rakaa moja, kisha nikakaa. Baadaye mbili. Ijumaa moja, Ramadhani ikiwa karibu, katika sala ya Alasiri nilisali rakaa zote nne nimesimama, machozi yakinitoka.

Tulipomaliza, fundi alikiangalia kile kiti kilichobaki kitupu. Akakikalia polepole, akashika magoti yake.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti ya chini, "ile baiskeli yako, asubui iko na nafasi?"

"Asubuhi ni ya mama watoto. Njoo baada ya Alasiri. Nitakaa karibu nikuulize habari za nyumbani."

"Mi niko na ukoo mudogo."

"Basi tutawaulizia na wa mke wako."